Shimo Kwenye Namba 1,847

Mama Anyesi Chaula alikuja tena Jumanne, kama alivyokuja Jumanne iliyopita na ile ya kabla yake, na mimi nikajificha nyuma ya kabati la kebo. Nasema ukweli. Mimi Gaudensia Mbilinyi, miaka thelathini na minane, mpimaji mkuu wa Kituo cha Pumzi, nimechuchumaa nyuma ya kabati nikimkimbia mwanamke ambaye hata kutembea kulimshinda.

Haikusaidia kitu. Mlinzi alishamwambia kuwa nipo.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Karibu."

Alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, mkono mmoja kifuani juu ya mshipi wake, anahema. Kutoka Lukavi hadi kituoni huku mlimani ni mwendo wa nusu saa. Yeye alitumia saa mbili, akipumzika kila alipopata pa kukalia. Nilisubiri pumzi zimrudie. Nilijua atakachosema, naye alijua nitakachojibu, na bado ilitubidi tuyaseme yote kuanzia mwanzo.

"Mshipi wangu unanisahau," alisema.

"Mama, mshipi hausahau. Mshipi hauna akili. Akili yote iko hapa kituoni."

"Basi ninyi ndio mnaonisahau."

Mshipi wake tulishaupima mara nne, na mara zote nne ulikuwa mzima. Ulikuwa sawa na mishipi mingine yote elfu tatu na mia mbili iliyofungwa kwenye vifua vya watu wa nyanda hizi tangu ile homa ipite na kuwaachia mapafu ya jina tu. Ni mkanda mwepesi unaobana na kuachia unapoambiwa. Anayeuambia ni kituo. Kituo husikiliza damu ya kila mtu, hupiga hesabu ya pumzi yake inayofuata, kisha humpelekea amri kwa faiba, waya wa kioo unaopitisha nuru, hadi mlingoti wa kijiji chake. Amri ikifika dhaifu, mshipi hukisia. Ukiwa umekaa, kisio linatosha. Ukipanda mlima, halitoshi.

Lakini amri haziwezi kufika dhaifu. Ndivyo tulivyosema kwenye cheti, kila mwaka, na kwa miaka saba iliyopita sahihi ya chini ilikuwa yangu.

"Daktari wa wilaya alikuandikia nini, mama?"

"Kwamba ni udhaifu wa ukoo. Eti kwa sababu baba naye alikuwa hivihivi."

"Sasa?"

"Sasa baba kabla ya mshipi alikuwa mbeba mbao. Udhaifu huo wa ukoo ulimsubiri afunge mshipi ndipo umwingie?"

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Mezani nilikuwa na ripoti ya mwaka inayotakiwa Ijumaa na Mamlaka wanaotukagua, chai yangu ilikuwa imepoa, na huyu mama alikuwa akibishana na daktari kupitia kwangu.

"Sikiliza, mama. Leo nitapima namba yako peke yake. Sio mshipi, nitapima njia yenyewe, huku kwenye chanzo. Nikikuta ni nzima, hutarudi tena hapa. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," alisema, akaanza safari ya kushuka, ambayo nayo ilimchukua karibu saa nzima.

Nilipima ili nimkomeshe. Hilo nataka lijulikane mapema, asije mtu akanisifia bure.

*

Kitu nilichokwenda kupima kinaitwa moduleta. Ni kipande cha fuwele kirefu kama kidole, kimefungwa ndani ya kisanduku cha shaba. Nuru ya leza inaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Umeme ukiingizwa ubavuni, nuru hutoka imebeba kile umeme ulichosema. Amri za watu elfu tatu na mia mbili hupanda humo kwa pamoja, kila mmoja kwenye masafa yake, kama vituo vya redio. Namba 1 ina masafa ya chini kabisa, namba 3,200 ya juu kabisa, yanayokaribia gigahezi arobaini. Kazi yangu ni kuiuliza moduleta swali moja tu, masafa kwa masafa: haya unayabeba kwa nguvu gani?

Tatizo ni kwamba moduleta haijibu peke yake. Jibu lake huja kwa nuru, na nuru lazima niipokee kwa kipokezi, na kipokezi nacho kina udhaifu wake, na kebo nazo zina wake. Ni kama kupima mahindi yakiwa ndani ya debe: usipojua uzito wa debe, hujapima mahindi. Kwa hiyo asubuhi nzima huishia kwenye kupima debe. Unawasha mitambo, unasubiri ipate joto lake, unasafisha ncha za faiba kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, unakaza viungio kwa spana maalumu mpaka ilie "ka", si zaidi. Ukipumulia ncha, unaanza upya. Mtu akiegemea meza, unaanza upya. Siku hiyo nilianza upya mara tatu, mara ya tatu kwa sababu mpishi alikuja kuuliza kama natumia maharage.

Kwa kawaida tunapima pointi mia nne, kuanzia chini hadi juu, na kompyuta huziunganisha kwa mstari. Mstari huo huwa na vijimeno. Bosi wetu, Mhandisi Elinazi Tweve, hapendi vijimeno. Anaviita kelele. Kuna kitufe cha kulainisha, na tangu nilipoajiriwa nimefundishwa kwamba hupeleki ripoti juu bila kukibonyeza. Kompyuta huchukua kila pointi na kuigawia wastani wa majirani zake, na mstari hutoka laini, unateremka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Wa mwaka jana umetundikwa kwenye chumba cha wageni, ndani ya fremu.

Safari hii sikutaka mstari. Nilitaka namba moja. Nikaipeleka mashine kwenye masafa ya 1,847 na kusoma.

Nilidhani nimekaza vibaya. Nikafungua, nikasafisha, nikakaza, ikalia "ka". Jibu lilelile. Nikapima 1,846, kisha 1,848, nikaendelea huku na huku hadi nilipofika ukingoni. Kuanzia 1,842 hadi 1,852, namba kumi na moja, kulikuwa na shimo. Katikati yake lilifika desibeli kumi na mbili. Kwa lugha ya nyumbani, mgonjwa aliyepaswa kupata vijiko kumi na sita alikuwa anapata kimoja.

Nikabadilisha kipokezi. Shimo lilikuwepo. Nikabadilisha kebo. Shimo lilikuwepo. Mwishowe nikapandisha hita ya moduleta nyuzijoto moja, na shimo likasogea, lote, namba kumi na moja kwenda juu. Basi lilikuwa la moduleta yenyewe. Kasoro ya fuwele au ya kisanduku, imo humo tangu siku ilipofungwa, miaka kumi na tisa iliyopita. Nikaishusha hita ilipokuwa.

Nikafungua mafaili ya zamani, yale mabichi ya kabla ya kulainisha. Kila mwaka, mahali palepale, pointi moja au mbili zilikuwa zimezama. Na kila mwaka tulibonyeza kitufe.

Kisha nikafungua daftari la majina, na hapo ndipo nilipokasirika kweli. Namba huku kwetu hazirudi kituoni mtu akifa. Hazitoshi, kwa hiyo tangu mwanzo ziliachwa ndani ya koo: baba akifariki, namba yake anapewa mtoto au mjukuu aliyeumwa, kwa heshima, mbele ya ndugu, kama anavyorithishwa jina. Namba 1,842 hadi 1,852 zote ziliandikishwa siku moja kijiji cha Ilevelo, ng'ambo ya mlima, kwa nyumba tatu tu. Akina Chaula wa nyumba ya juu, akina Luvanda, akina Mahenge. Nyumba tatu zilizokuwa zinachoka kwa miaka kumi na tisa, wazazi kisha watoto, mpaka daktari akaona udhaifu wa ukoo na majirani wakaona uvivu. Anyesi alikuwa ameshaolewa huku Lukavi baba yake alipofariki; namba ikamfuata, na shimo likaja nayo.

Jamani. Watu wazima na vyeti vyetu.

*

Mhandisi Tweve aliutazama mstari wangu mbichi kwa muda mrefu. Si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, kazi yangu ingekuwa rahisi.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe."

"Sawa." Akavua miwani. "Gaudensia, dada yangu, ripoti inakwenda Mamlaka Ijumaa. Ukiandika hili, wao wanafanya nini?"

"Wanafunga mtambo."

"Siku hiyohiyo. Sheria iko wazi, mtambo wenye kasoro hauendeshwi. Mishipi ina akiba ya siku ngapi bila kituo?"

"Sita."

"Na moduleta mpya inachukua muda gani kufika?"

"Miezi tisa."

"Basi piga hesabu mwenyewe. Unataka kuwa mkweli kwa watu kumi na mmoja, uzike elfu tatu?"

"Nataka watu kumi na mmoja wapumue!"

"Watapumua. Umesema hita inalisogeza. Lisogeze."

"Linasogea kwa watu wengine, Mhandisi! Haliondoki. Na siwezi kulisukuma nje, kwa sababu hita ikizidi nyuzijoto tano leza inapotea njia na kila mtu anakosa. Nina nafasi sita tu za kuliweka, na zote zina watu."

"Basi lizungushe. Wiki hii hapa, wiki ijayo pale. Kila mmoja atachoka wiki moja katika kila sita. Watadhani ni mafua. Huko ndiko kugawana."

"Bila kuwaambia?"

"Ukimwambia mmoja, umewaambia Mamlaka. Hapa hakuna siri inayovuka mto."

Kilichoniudhi kuliko vyote ni hesabu yenyewe. Ilikuwa sahihi. Kuzungusha kulikuwa haki kuliko kuacha. Hata ningempigia kelele hadi jioni, mwisho wa kelele ningelazimika kwenda kupandisha ile hita.

Nilikwenda nikaipandisha. Nyuzijoto moja. Kisha nikaandaa ripoti ya mwaka, nikabonyeza kitufe cha kulainisha, mstari ukatoka mzuri, nikatia sahihi. Nilijiambia nimewaokoa kumi na mmoja. Sikufungua daftari kuangalia nimewapa nani. Nilijiambia kwamba kutokujua ndiyo haki yenyewe, nisije nikapendelea mtu. Ni ajabu jinsi mtu anavyojipatia maneno mazuri akiwa na aibu.

*

Jumatatu iliyofuata, kabla ya chai ya saa nne, mlinzi alikuja mbio.

"Mpimaji, yule mama."

"Si tulikubaliana asirudi?"

"Amekuja kwa dakika ishirini na tano."

Mama Anyesi alikuwa amesimama katikati ya chumba cha vipimo. Hakuegemea kitu. Uso wake ulikuwa na jasho la kawaida la mtu aliyepanda mlima. Nilijiandaa kwa shukrani, maana mimi nami ni binadamu, na nilikuwa nazihitaji.

"Mmefanya nini?" aliuliza.

"Tumerekebisha kidogo, mama. Kuna kitu kilikuwa..."

"Lini mmejua?"

"Jumanne."

"Na kilianza lini?"

Ningeweza kusema sijui. Tweve alikuwa ametokea mlangoni, ananikazia macho. Mama huyu hakuwa ameniuliza kwa hasira, aliniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Kilikuwepo tangu mwanzo," nilisema. "Miaka kumi na tisa. Baba yako kwanza, kisha wewe. Hamkuwa wagonjwa zaidi ya wengine. Ni sisi."

Alikaa chini. Akaanza kuongea akiutazama mlango, kama vile sipo.

"Mama yangu alizikwa Ilevelo miaka sita iliyopita. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari halipiti, ni miguu tu. Nilifika hapa juu nikashindwa. Nililala pale nje ya geti lenu, mwanangu, kwenye matope, mpaka watu wakanirudisha nyumbani kwa machela. Ndugu zangu walimzika bila mimi. Kaka yangu Yoabu alisema mbele ya msiba wote kwamba Anyesi ana visingizio, kwamba Anyesi hata mama yake hakumpenda. Tangu siku hiyo hatujaongea." Akajifuta uso kwa kanga. "Leo nimepanda kwa dakika ishirini na tano. Ni kilima kidogo tu. Kilima kidogo kabisa!"

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu na kile kitufe.

"Niandikie," alisema.

"Nikuandikie nini, mama?"

"Karatasi. Andika kwamba sikuwa mvivu. Weka sahihi, kama ile unayowawekea wakubwa."

"Mama Chaula," Tweve aliingia akasema kwa upole, "tukuite pembeni tuzungumze. Tunaweza kukusaidia kwa namna nyingine. Karatasi kama hiyo ikifika kwa watu fulani, mtambo utafungwa. Hata wewe utakosa pumzi."

"Nilishakosa, baba. Nitazoea tena upesi."

"Mbilinyi," aliniambia, na sauti haikuwa ya upole tena. "Fikiri."

Nilifikiri. Niliwaza siku sita za akiba na miezi tisa ya kusubiri. Niliwaza cheti changu cha Ijumaa, ambacho karatasi hii ingekigeuza kuwa uongo wenye tarehe. Kazi ningepoteza, pengine na uhuru. Mamlaka wangeweza kufunga mtambo, na watu wangeweza kulala mbele ya geti ili usifungwe, sikujua. Nilichojua ni kwamba kwa miaka saba nilikuwa nimetia sahihi juu ya kifua cha huyu mama bila kumwuliza, na sasa aliniomba sahihi moja ya kwake.

Nilichukua karatasi yenye nembo ya kituo. Niliandika kwamba Anyesi Chaula, namba 1,847, alipewa pumzi pungufu na kituo hiki kwa miaka minane, na marehemu baba yake kwa miaka kumi na mmoja kabla yake. Kwamba kasoro ilikuwa shimo kwenye moduleta, ambalo haliondoki, linahamishwa tu. Kwamba vipimo viliionyesha kila mwaka na wapimaji wakaifuta. Kwamba mmoja wa wapimaji hao ni mimi. Nikamalizia kwa kuomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Alinisikiliza nikimsomea. "Hiyo ya usumbufu ifute."

Nikaifuta. Nikatia sahihi. Tweve alitoka nje akafunga mlango nyuma yake, na nikamsikia akiongea na simu, ingawa sikusikia anaongea na nani.

Mama Anyesi aliikunja karatasi mara mbili. Kisha akaniuliza lile swali ambalo sikutaka hata kujiuliza mwenyewe.

"Sasa limekwenda kwa nani?"

"Mama..."

"Mwanangu, shimo halifi. Umesema mwenyewe. Liko kwa nani?"

Nikalifungua daftari. Namba 1,853 hadi 1,863. Waliandikishwa siku ileile, Ilevelo ileile, nyumba zilizofuata kwenye foleni. Nilianza kumsomea majina, na nilipofika 1,859 nikaliziba jina kwa kidole.

"Soma."

"Yoabu Chaula. Alirithi kwa baba mkubwa."

Sikujua nitegemee nini. Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha kamili, akajipiga paja.

"Tangu lini?"

"Alhamisi. Wiki ikiisha tunalihamisha."

"Siku ya tano leo. Ana shamba la viazi juu mteremkoni, yule. Siku ya tano." Akatikisa kichwa. "Mwache. Mwache kwanza wiki yake iishe, aonje."

"Siwezi, mama."

"Miaka kumi na tisa mliweza!"

Nilichukua karatasi ya pili na kuanza kuandika: Ndugu Yoabu Chaula, namba 1,859, uchovu ulioanza kukupata Alhamisi si ugonjwa, na si uvivu. Tumekupa sisi. Utaisha baada ya siku saba na utakwenda kwa jirani yako, naye tutamwandikia. Alinitazama nikiandika. Hakunizuia. Nilipotia sahihi nikaiweka pembeni, nikachukua karatasi ya tatu, maana walibaki kumi.

Mkono wake ukaja juu ya meza, ukaichukua ile ya Yoabu.

"Mtamtuma nani Ilevelo?" aliuliza.

"Kuna gari la kituo, keshokutwa."

"Keshokutwa atakuwa ameshajikongoja shambani mara mbili." Aliziweka karatasi zote mbili pamoja, yake na ya kaka yake, akazifunga kwenye pindo la kanga na kukaza fundo. "Nitampelekea mwenyewe. Nataka nimwone anavyosoma."

Akatoka. Dirishani nilimwona akifika getini, na pale njia inapogawanyika hakushuka kuelekea Lukavi. Alishika ile inayopanda kwenda Ilevelo.